Mtambo Usiozinduliwa

Nchi ninayoisimulia kwa sasa haina jina. Lilikuwepo jina zuri tu, ila Serikali iliona limechakaa, ikatangaza zabuni ya jina jipya, na kampuni iliyoshindwa ikakata rufaa. Wakati rufaa inasubiriwa, kwenye pasipoti zetu pameachwa nukta nukta, na kila msafiri hujaza kwa kalamu yake anavyoona inafaa. Maisha yanaendelea vizuri, na sina sababu yoyote ya kulalamika.

Kazi yangu ilikuwa ushereheshaji. Si ule wa harusi na kipaimara. Mimi nilikuwa Mshereheshaji wa Serikali, daraja la pili, mwenye suti mbili na kipaza sauti kimoja. Nimesherehesha uzinduzi wa visima, wa vivuko, wa taa za barabarani moja baada ya nyingine. Niliwahi hata kusherehesha uzinduzi wa mpango wa uzinduzi, na watu walipiga makofi mpaka wakaomba maji.

Lazima nieleze jambo hili kwa wasiotufahamu. Kwetu, kitu cha Serikali hakipo mpaka kizinduliwe. Kinaweza kuwa kimesimama mbele yako, ukakigusa, ukajigonga nacho kichwa ukatoka damu. Kama mgeni rasmi hajakikatia utepe, hakipo, na damu yako ni uzushi. Alama ya kitu kisichozinduliwa ni nailoni kiliyokuja nayo kutoka kiwandani. Kuchana nailoni kabla ya mgeni rasmi ni kosa kubwa kuliko kukiiba kitu chenyewe, maana mwizi angalau huondoka nacho kikiwa na nailoni yake. Ofisini kwetu makarani waliandika kwenye kompyuta kwa kubonyeza juu ya nailoni, na herufi zikitoka zisizoeleweka tuliziita rasimu.

*

Zamani ununuzi wa teknolojia uliongozwa na kanuni moja ya busara: kifaa chochote kipya sharti kiwe na uzoefu wa miaka isiyopungua kumi ndani ya Serikali. Kanuni hiyo ilituepusha na mengi. Kompyuta zilipoingia duniani tulizikataa kwa kukosa uzoefu. Zilipopata uzoefu kwa wenzetu, tukazikataa kwa kuwa uzoefu wa kwa wenzetu hautambuliki. Tulichonunua kwa wingi ni mashine za chapa, ambazo hakuna aliyetilia shaka utumishi wake.

Walioumia kidogo, kama neno ni kuumia, ni watu wa Bonde la Lusanga. Mto Lusanga hufurika, na tahadhari ya mafuriko ilikuwa ikitolewa redioni baada ya matangazo ya vifo. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, matangazo ya vifo yalikuwa marefu mno kwa sababu ya mafuriko yenyewe, hivyo tahadhari ikasomwa maji yakiwa yameshapita na waliotakiwa kuisikia wakiwa wameshatajwa. Redio iliomba radhi kwa kubanwa na muda.

Hapo Mtukufu Rais akalihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "dunia inakimbia. Na sisi, baada ya kutafakari kwa kina, tumekubali kuanza kuvaa viatu." Akatangaza Mageuzi ya Ununuzi wa Teknolojia. Kamati ikaundwa chini ya Waziri wa Usasa, Mheshimiwa Dakta Gaudensi Mpalule, ikasafiri ng'ambo kujifunza haraka, ikakaa huko muda mrefu ili haraka iwaingie vizuri, ikarudi na sheria mpya.

Na sheria ile, naapa, ilifanya kazi. Chini ya sheria mpya, chombo cha Serikali kilichotaka teknolojia ya kisasa kiliruhusiwa kununua leo kikapokea kesho. Idara ya Mito iliomba mtambo wa kutahadharisha mafuriko: vifaa vya kupima kina cha maji huko juu mtoni, na king'ora kikubwa huku chini bondeni. Mtambo ulifika kabla wino wa sahihi haujakauka. Mafundi wakaufunga, kila kifaa kikiwa ndani ya nailoni yake, kimya, safi, kikisubiri mgeni rasmi.

*

Mkurugenzi wa Idara ya Mito alikuwa Injinia Sikitu Mbelwa, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Mama yake mzazi, Bi Nambua, aliishi bondeni Lusanga pale pale alipomzalia, na alikuwa amekataa kuhama kwa hoja kwamba mto ndio uliomkuta. Injinia alimpigia simu kila asubuhi kumuuliza kama miguu imelowa.

Masika ilipoanza, Injinia alikuja ofisini kwa Mheshimiwa Mpalule. Mimi nilikuwepo, tukipanga ratiba ya uzinduzi. Mheshimiwa alijiweka sawa kitini na nailoni ya kiti ikalia kama bata.

"Mheshimiwa, mvua za milimani zimeanza," Injinia alisema. "Mto unapanda. Naomba kibali niwashe mtambo leo."

"Hongera," alisema Mheshimiwa.

"Ya nini?"

"Ya kuomba kibali. Siku hizi wengi hawaombi."

"Kwa hiyo niwashe?"

"Mama, sikiliza. Mtambo ule kwa thamani yake ni wa ngazi ya Rais. Mimi na uwaziri wangu huu sina ubavu wa kuugusa. Nikiukatia utepe mimi, nimejitangazia jambo ambalo sitaki hata kulitamka."

"Basi Rais aje."

"Yuko tayari hata kesho. Tatizo si Rais, ni turubai."

Akamweleza kwa upole. Rais hawezi kukaa pasipo turubai. Turubai si teknolojia ya kisasa, kwa hiyo sheria mpya hailihusu, na linanunuliwa kwa kanuni ya zamani. Wazabuni walijitokeza, mshindi akapatikana, turubai lake likakaguliwa likakutwa limetobokatoboka, kwa kuwa lilikuwa na uzoefu. Zabuni ikaanza upya.

"Tuzindue bila turubai," alisema Injinia.

"Na jua je?"

"Mheshimiwa, nimekwambia inanyesha."

"Ndiyo maana nasisitiza turubai."

Injinia alivuta pumzi. "Mama yangu yuko bondeni kule."

"Hata mimi nina mama," Mheshimiwa alisema, na nadhani aliguswa kweli.

"Wako yuko wapi?"

"Ghorofa ya nane."

Injinia alisimama akatoka bila kuaga. Mheshimiwa alinigeukia, akaniuliza kama kwaya iimbe kabla au baada ya keki.

*

Siku chache baadaye nilikuwa Lusanga kwa mazoezi ya sherehe. Kwetu mazoezi ya uzinduzi ni kazi nzito. Wananchi hufundishwa kukaa, kusimama, na kushangilia kwa hiari. Bonde zima lilikuwa uwanjani, watoto kwa wazazi, kwaya na sare zake, na mtambo katikati ndani ya nailoni, ukilindwa na Koplo Lidunda wa kituo cha pale pale. Bondeni kulikuwa kukavu, hata wingu hatukuliona. Mvua ilikuwa inanyesha huko milimani, nasi hatukujali.

Gari la Idara lilikuja mbio likasimama karibu na meza ya keki. Injinia Sikitu alishuka na matope mpaka magotini. Alikuwa ametoka juu mtoni na mafundi wake, ambako walikuwa wamezichana nailoni zote kwa mikono. Alimwomba mpishi kisu.

"Injinia, hiyo keki bado," nilimwambia.

Alinipita. Alikiingiza kisu kwenye nailoni ya mtambo, akaivuta kutoka juu hadi chini. Wanakwaya walishikana mikono. Koplo Lidunda alifumba macho, ili baadaye aweze kusema kwa uaminifu kwamba hakuona. Injinia akabonyeza swichi, taa ikawaka nyekundu, na kabla hajaondoa kidole king'ora kikalia kwa sauti iliyotikisa meno.

Watu walipiga makofi.

Sitasahau. Maji yalikuwa njiani yanakuja, king'ora kinawaambia kimbieni, nao wakasimama kwa adabu wakashangilia kama nilivyowafundisha. Kina mama walipiga vigelegele. Kisha wakakaa chini kusubiri hotuba. Injinia alipiga kelele, "Kimbieni, mto unakuja," nao wakatabasamu, wakijua hiyo ni sehemu ya igizo. Mzee mmoja alimpungia mkono kumpongeza.

Alinikamata ukosi wa suti. "Wewe ndiye wanayekusikiliza. Waambie."

"Haimo kwenye ratiba," nilisema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Basi itie."

Nikanyanyua kipaza sauti. Nilitafuta maneno ya hatari nikakuta sina hata moja. Kazi yetu ile haina maneno hayo. Nikatumia niliyokuwa nayo. "Ndugu wananchi," nilisema, "kwa heshima na taadhima, kipengele kinachofuata ni soda. Soda zinagawiwa kileleni mwa Kilima cha Nangose, na watakaotangulia ndio watakaopata za baridi. Karibuni sana."

Bonde liliondoka kama limemwagwa. Viti vilianguka, kwaya ikakunja sare juu ya magoti, Koplo Lidunda akafumbua macho akawa miongoni mwa wa mbele. Aliyebaki kwenye kiti chake ni Bi Nambua.

"Mama, twende," Injinia alimwambia.

"Mimi soda siinywi, mwanangu. Ina gesi."

Injinia alimbeba mgongoni kama alivyobebwa yeye zamani, na bibi yule akapanda kilima chote akilalamika kwamba anatikiswa. Tulipogeuka nyuma tukiwa juu, uwanja haukuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na viti vya plastiki vikizunguka juu yake, na king'ora, ambacho kiwanda kilikitengeneza kisiingie maji, bado kikilia. Hakuna aliyekufa. Walikuwepo wote wa bonde lile, wakinitazama mimi, wakiniuliza soda ziko wapi.

*

Serikali ilishtuka sana. Taarifa ilitoka siku hiyo hiyo: "Serikali inasikitishwa na kitendo cha kuokoa wananchi bila kufuata utaratibu, na inawataka wananchi waliookolewa kinyume cha sheria kubaki watulivu wakati hatua zikichukuliwa." Mwanasheria wa Serikali alifafanua redioni kwamba kwa kuwa mtambo haujazinduliwa, haupo, na kwa kuwa haupo haukulia. Kwa hiyo waliokimbia walikimbia bila sababu, jambo ambalo nalo ni uvunjifu wa amani.

Maji yalipopungua, Mheshimiwa Mpalule alikuja Lusanga na msafara wa magari. Turubai lilikuwa limepatikana. Rais, kwa kubanwa na kazi, alikuwa amemkaimisha Mheshimiwa mkono wake wa kulia kwa siku moja, na Mheshimiwa alikuja ameushikilia huo mkono kwa wa kushoto ili usiguse kitu kabla ya wakati. Gari la mwisho lilibeba nailoni mpya.

Mpango wake ulikuwa wa heri. Mtambo uzimwe, uvalishwe nailoni, wananchi warudi kwenye nyumba zao zilizojaa tope. Yeye atakata utepe, atachana nailoni, atawasha. King'ora kitalia, nao watakimbia kilimani mbele ya waandishi wa habari. "Mtaokolewa upya," aliwaambia, "na safari hii kihalali."

Nilitazama milimani. Huko juu kulikuwa kweusi.

"Mtambo hauzimwi," alisema Injinia Sikitu. Alikuwa amesimama ameuegemea. "Mvua haijakatika kule juu. Ukiuzima saa moja, hiyo saa moja hawa hawana wa kuwaambia."

"Mama, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na mtu aliyesimama chini ya maji ya juzi." Akamwonyesha ukuta wa ofisi ya kata nyuma yake, mstari wa tope ulipofika. Ulikuwa juu ya kichwa cha Mheshimiwa, pamoja na kofia.

Mheshimiwa alisogea kidogo, akabadili sauti. Alisema Serikali ni sikivu na haina kinyongo. Injinia aombe radhi hadharani, basi, na jioni hiyo hiyo atateuliwa Kamishna wa Mageuzi, na gari, na dereva.

"Nimwombe radhi nani?" aliuliza Injinia. "Nailoni?"

Hapo nilikasirika, na naliandika wazi kwa kuwa sikuwahi kukasirika kazini. Nilikuwa nimemwona yule mama akipanda kilima na mzazi wake mgongoni, anateleza, anainuka. Niliwaona watu wazima wakishangilia mauti yao kwa mikono miwili, kwa sababu mimi na wenzangu tuliwafundisha kwamba kila kinacholia kinalia kwa ajili ya mkubwa fulani. Na sasa mkubwa mwenyewe alikuja kuwarudisha shimoni ili apigwe picha akiwatoa.

"Koplo," Mheshimiwa aliagiza, "valisha mtambo."

Koplo Lidunda aliipokea nailoni. Aliitazama. Alitazama kilimani, ambako mkewe alikuwa akianika nguo za watoto juu ya majani.

"Mheshimiwa, hii kazi inataka mtaalamu," alisema.

"Ni nailoni, Koplo."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ila kanuni inataka uzoefu wa miaka kumi. Mimi wa nailoni sina." Akaikunja vizuri, akaiweka chini, akaikanyaga ili isipeperuke.

Bi Nambua alikuja na kigoda chake akakaa mbele ya swichi. Alitoa ukili wake akaanza kusuka. Kisha watu wakaanza kushuka kilimani. Hakuna aliyewaita. Walikuja wapiga makofi wangu wote, kwaya yangu yote, wakauzunguka mtambo wakakaa chini kwenye tope, mabega kwa mabega, mpaka hapakubaki pa kupitisha hata paka. Askari wa msafara walimtazama mkubwa wao, naye akawa anafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu sana.

Mheshimiwa alitoa jasho. Alitafuta mtu wa kumtii, akaniona.

"Mshereheshaji, endelea na ratiba."

Nilinyanyua kipaza sauti. "Ndugu wananchi," nilisema, "kipengele kinachofuata ni mgeni rasmi kuwasha mtambo. Mtambo unawaka. Umewashwa na Injinia Sikitu Mbelwa, siku ile, kwa kisu cha keki. Mgeni rasmi hana kazi hapa. Kwa hiyo naifunga sherehe, na namwomba atangulie na magari yake, maana barabara ya kutokea inapita mtoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Walimtazama tu. Mheshimiwa alisimama pale na mkono wa Rais umeshikwa na wa kwake, kisha akaingia garini, na msafara ukaondoka na turubai likiwa bado limefungwa.

*

Nilifukuzwa kazi kwa kosa la kufunga sherehe kabla haijafunguliwa. Injinia Sikitu aliondolewa ukurugenzi na kupelekwa mahakamani. Kesi haiendi, kwa sababu kila shahidi wa Serikali anapoulizwa Injinia alichana nini, anajibu kwamba alichana nailoni ya mtambo, na hakimu anamkumbusha kwamba kwa mujibu wa Serikali mtambo haupo. Wanaahirisha. Injinia akitoka mahakamani hupanda juu mtoni kusafisha vifaa vyake, bila mshahara na bila kibali, akigomba njia nzima.

Serikali nayo imeendelea na msimamo wake. Kwenye orodha ya mitambo ya taifa, wetu haumo. Umeme wake haulipiwi, kwani huwezi kulipia umeme wa kitu kisichokuwepo, hivyo watu wa bonde huchangishana. Wanachangia wakinung'unika, lakini wanachangia. Alikuja ofisa mmoja kutaka kuuondoa. Wakamwonyesha tamko la Serikali yake, wakamwuliza anakuja kuondoa nini.

Mimi nilihamia Lusanga. Nilibaki na kipaza sauti, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukidai.

Wiki iliyopita mto ulikuja tena, mkubwa kuliko ule. King'ora kililia adhuhuri, watu wakaacha vyungu jikoni wakapanda Nangose moja kwa moja, bila mwaliko wangu. Tulipofika juu Injinia alisema tuhakikishane. Nikaita majina, nyumba baada ya nyumba, kwa sauti ambayo naamini ilivuka milima ikafika mjini. Hao ndio watu ambao Serikali inasema hawakuonywa na mtambo usiokuwepo. Kila niliyemwita aliitika.

"Nambua binti Chikwaya," niliita.

"Nipo," alisema bibi yule. Alingoja kidogo, akageuka kuelekea upande wa mji mkuu, akasema tena, kwa nguvu zaidi, "Nimesema nipo."